Maneno Meupe

Tangu kila nyumba ilazimishwe kuwa na ukurasa wake mtandaoni, hakuna aliyepiga hodi bila kutafuta kwanza. Nyumba isiyotokea juu kwenye matokeo ya utafutaji haikupata wateja, wala wageni, wala gari la maji.

Kwa Mwanakombo gari lilikuwa halifiki. Wiki hii likaja mara tatu, na wanawake wakajaa barazani kwa mumewe Shaibu, fundi cherehani, kila mmoja na kitambaa chake na sauti ya upole kupita kiasi.

"Umeandika nini kwenye ukurasa wetu, baba Tima?"

"Nimeupanga vizuri tu. Nimetia maneno yanayotafutwa na watu."

Jibu halikumwingia. Shaibu alipokwenda msikitini, Mwanakombo akaufungua ukurasa. Hakuona jipya: mishono, bei, picha ya cherehani. Ila chini palikuwa na uwazi mkubwa mno. Akapaburuzia kidole, na maneno yakajitokeza, meupe juu ya weupe, ambayo macho hayaoni lakini mtambo wa utafutaji husoma na kuutangazia mtaa: fundi mgane, fundi aliyefiwa na mke, fundi anayelea mtoto peke yake.

Akataka kuyafuta yote. Hajafuta hata neno moja, hodi ikapigwa. Alikuwa Bi Rehani, jirani wa miaka kumi na mmoja, na kilo mbili za sukari za msiba.

"Bi Rehani, mimi hapa, mzima!"

Jirani akaitazama simu yake mkononi, akamtazama yeye, akairudia simu.

"Pole, mwanangu," alisema kwa huruma. "Mlikuwa mapacha? Unafanana sana na marehemu."