Mapumziko ya Nani

Nyamizi alitoka katikati ya mtihani wa uhasibu, nafasi yake ya mwisho kuufaulu, akampokea mwanawe kwa baba yake, Mzee Machumu, langoni, akaketi ngazini kumnyonyesha. Mzee aliwakinga jua kwa koti.

"Ashibe taratibu," alisema. "Si wakubwa wa mtihani wamesema kuna mapumziko ya kunyonyesha?"

"Ndiyo, baba."

Mtoto akamaliza titi la kwanza, akahamishiwa la pili. Mlinzi akasogea.

"Dada, muda unakwisha. Saa ya mtihani humo ndani haisimami."

"Haisimami?" Mzee alimgeukia. "Basi hayo mapumziko ni ya nani? Hao wakubwa waliopanga hivyo walinyonyeshwa na nani, na jiwe?"

"Mimi nalinda lango tu, mzee."

Marehemu mke wa Mzee angeuliza mapema kama saa itasimamishwa. Yeye Mzee aliliamini tu neno la wakubwa.

"Ulijua kuwa haisimami, mwanangu?"

Nyamizi alikuwa akifunga vifungo vya blauzi, vyote amevikosea. "Nilijua, baba. Lakini nilimsikia mtoto akilia."

Akakimbilia ndani. Mzee alibaki na mjukuu aliyesinzia kifuani pake, midomo yake midogo ikiendelea kunyonya, ikinyonya hewa.