Mgeni wa Elfu Kumi

"Usiufungue!"

Bi Chizuru alimdaka Nagisa mkono kabla kidole hakijabonyeza. Chai ikamwagika mezani, wala hakuna aliyejali kuifuta.

"Mama, kesho adhuhuri kampuni inayoutunza ukurasa inazima mitambo yake," Nagisa alisema. "Nimeshaokoa picha za treni za mwanao. Shajara nimeokoa. Umebaki ukurasa huu wa mbele tu, na sauti yake imo humu humu. Nisipoufungua leo, basi tena."

"Najua, binti. Subiri kidogo. Atakuja."

Nagisa alikuwa mmoja wa watu wanaojitolea kuokoa kurasa za zamani za mtandao zisipotelee mbali. Hawalipwi hata yeni moja. Alishazoea wenyewe kumlilia, kumshukuru, hata kumfukuza. Lakini kuitwa aokoe ukurasa, kisha azuiwe kuugusa, hilo lilikuwa jipya kwake.

Ukurasa ulikuwa wa Mitsuru, mtoto pekee wa nyumba ile. Aliutengeneza akiwa na miaka kumi na saba, na ukiufungua tu unamsikia mwenyewe: "Karibuni, na msisahau kuaga!" Miaka miwili baadaye aligombana na baba yake, akabeba begi, akaondoka. Hakuaga. Hakupiga simu wala kuandika barua, na sasa mwaka wa kumi na tatu ulikuwa umeingia.

Chini ya ukurasa kulikuwa na namba inayohesabu wageni. Kila ukifunguliwa, inapanda moja. Enzi zile kurasa hizo zilikuwa na adabu zake: ukiangukia namba kamili, mia tano au elfu moja, sharti uingie ukurasa wa wageni uandike na ujitaje. Kukanyaga namba kama hiyo ukanyamaza ulikuwa utovu wa adabu, na Mitsuru alikuwa mkali kweli kwa jambo hilo. Aliwahi kumnunia binamu yake mwezi mzima.

"Mimi naufungua mara moja kila asubuhi," Bi Chizuru alieleza. "Na kila asubuhi nakuta namba imepanda moja zaidi ya yangu. Tangu mwaka ule wa theluji nyingi! Nani mwingine atahangaika kila siku na ukurasa wa treni kuukuu? Ni mwanangu huyo. Anapita kuchungulia kwao."

Wiki iliyopita aliufungua akaikuta 9,999. Akaacha hapo hapo. Hakuugusa tena, ili elfu kumi imwangukie huyo mgeni naye alazimike kuandika. Tangu siku hiyo alikuwa akiutazama ukurasa wa wageni tu, ambao hauhesabu, kutwa nzima. Hakuna neno.

"Mbona wiki hii hajaja?" Nagisa aliuliza kwa upole.

"Anaogopa. Anajua nimemtegea." Mama akacheka, halafu machozi yakamtoka. "Sauti yake ninayo kichwani, binti. Mimi namtaka mwenyewe."

Mlango ukasukumwa. Mzee Tetsuzo, mumewe, fundi mstaafu wa mikeka ya tatami, aliingia na koti lake la safari.

"Bado mnalikodolea macho hilo sanduku? Aliyeondoka kwa miguu atarudi kwa miguu."

"Hebu nyamaza, Baba Mitsuru! Wewe rimoti ya televisheni inakushinda, haya utayajulia wapi?"

Mzee alifunga vifungo vya koti. Ilikuwa wiki ya kuzuru makaburi, naye alikuwa akienda kaskazini kwa wazee wake, peke yake kama kila mwaka, kwa kuwa magoti ya mkewe hayauwezi ule mlima. Bi Chizuru alimkabidhi kasha la ohagi, vitonge vya wali vilivyopakwa maharagwe matamu.

"Mwambie mama mkwe sukari nimepunguza, asije akanisema hadi kaburini. Na umfikishe binti wa watu stesheni. Nimemsumbua bure."

Nagisa akafunga kompyuta yake. Roho ilimuuma. Angeweza kuufungua ukurasa kwa siri ndani ya treni, lakini mgeni angekuja akute elfu kumi imeshakanyagwa, na mama yule angengoja neno lisilokuja. Hakuwa na moyo huo.

Walikwenda kwa pikapu ya mzee. Alipoegesha stesheni hakushuka. Alitoa simu mfukoni mwa koti, kidole gumba kikapita juu ya kioo haraka haraka, bila kutafuta.

"Karibuni, na msisahau kuaga!" Sauti changa ilijaa ndani ya gari. Chini ya ukurasa namba ilisoma 10,000.

"Iokoe hiyo sauti," mzee alisema. "Upesi."

Nagisa alitoa kompyuta, akauokoa ukurasa pamoja na sauti yake. Kisha hasira zikampanda.

"Kumbe ni wewe! Miaka yote hii ni wewe! Mwenzio anateketea kule akidhani ni mwanawe!"

"Ni mimi. Sasa niandikie kwenye ukurasa wa wageni. Nikiandika mwenyewe ataijua lugha yangu. Wewe andika kama kijana."

"Siandiki uongo, mzee. Siku Mitsuru akirudi, mkeo utamweka wapi? Mwambie ukweli tu, amngoje mwanawe akijua anangoja nini."

Mzee Tetsuzo alivua kofia, akaiweka mapajani.

"Polisi walinipigia karakanani, mwaka ule wa theluji. Mama yake alikuwa ameshaapa kwamba mtoto akifa, naye anamfuata. Nikaenda nikamzika peke yangu, huko huko kaskazini." Akamsogezea simu. "Andika, binti: 'Mama, mimi ni mzima.'"