Skrubu Nne za Besi

Skrubu zilikuwa zimepandishwa. Kagwe aliinama mpaka pua ikakaribia nyuzi, akatazama tena, na roho ikamuuma papo hapo. Mtu alikuwa akilitumia gitaa lake la besi.

Alitoka kizuizini asubuhi hiyo, mwaka wa hamsini na tisa, bila kutuma habari, maana alitaka kumshangaza mkewe Ngendo. Akafika kwake Gatongora, Ngendo hayupo. Watoto walikuwa nje wakicheza, wamevaa viatu, na hawakumtambua baba yao.

Besi hiyo aliitengeneza mwenyewe, enzi alipokuwa fundi wa redio katika duka la Kirit kule Thika. Chini ya kila uzi aliweka skrubu moja, sumaku chini yake, akazizungushia waya wa shaba mwembamba kama unywele hadi macho yakamuwasha. Hapo ndipo sauti iliponaswa na kupelekwa kwenye spika. Skrubu ikiukaribia uzi, ukiugusa tu unanguruma. Ikiwa mbali, lazima upige kwa nguvu. Kagwe alikuwa na kidole gumba kizito, kwa hiyo zote alizizamisha kabisa. Aliyezipandisha alikuwa na mkono mwepesi.

Na mwenye mkono mwepesi katika bendi aliyopigia Kagwe kabla ya kufungiwa alikuwa Waweru, mpiga gitaa. Hata mkanda wa besi ulikuwa umefupishwa, na Waweru ni mfupi. Haya, mtu angetaka ushahidi gani tena?

Akaenda kwa jirani, Mama Gachanja, akamuuliza kwa upole wa uongo kama Waweru hufika hapo. Mama wa watu hakuficha kitu. Kila Jumamosi Waweru humfuata Ngendo kwa gari la bendi, wakaenda Thika, akamrudisha usiku. Leo pia angekuja.

Kagwe akarudi ndani. Miaka yote ile alivunja mawe akijiambia kwamba kuna mtu anamngoja. Sasa alijua viatu vya watoto vilitoka wapi, na bati jipya, na debe la unga pale pembeni. Alitukana peke yake kwa Kikuyu, maneno ambayo hayafai kurudiwa hapa.

Angeweza kulivunja lile gitaa, lakini mbao hupatikana. Alitaka Waweru alie. Akachukua bisibisi, akafungua kifuniko, akaishika ncha ya waya na kuvuta. Ukakatika, akavuta tena, mpaka wote ukarundikana sakafuni. Kirit alikuwa amefunga duka na kuhama, na waya kama huo haukupatikana tena Thika wala Ruiru. Kagwe alilijua hilo, ndiyo maana hakuacha.

Gari likasimama nje. Ngendo, ambaye ndiyo kwanza anatoka sokoni, aliingia na Waweru nyuma yake.

"Baba Mumbi," alisema, machozi yakimlengalenga, akamwendea mumewe mikono wazi. Kisha akauona ule waya. Akakaa kitandani na kufunika uso.

Kagwe alimwambia Waweru achukue besi yake sasa, aende nayo Thika akaipige.

 Waweru alichutama, akaokota kipande cha waya. Halafu akamgeukia Ngendo.

"Sasa leo utapiga nini?"