Maduara ya Penseli

Wateja walikaa na kiti kitupu katikati yao. Mama Ramani aliponyanyuka akiondoe ili wasogeleane, mke akawahi kukishika.

"Kiache tu, dada."

Mama Ramani akakiacha, lakini moyo ukamshuka. Mwaka wa kumi na mbili huu anawapangia watu likizo za pwani katika ofisi ile ya meza moja na feni mbovu, na ndoa inayokata roho aliijua kwa mkao tu. Ya kwake ilimfia hapo hapo mezani: alipanga fungate siku kwa siku, bwana harusi akaenda nayo, ila si na yeye. Jeraha lile halijapona, na huwa linamchoma zaidi akiona watu wazima waliozeeka pamoja wakikwepana macho. Akajiapia kimoyomoyo kwamba hawa hawaachani, labda yeye asiitwe Mama Ramani.

"Haya, mzee. Mnataka kwenda lini?"

"Ijumaa hii," mume akasema. "Isipite hapo."

"Mbio zote hizo za nini? Bahari haihami!"

Hakuna aliyecheka. Basi akatoa dawa yake, ile iliyompa jina. Kila mwenzi alipewa ramani na penseli, wakageuziana migongo, kila mmoja akazungushia anakotaka kwenda. Maduara yanapokutana, ndipo safari inapopita. Tangu aanze kazi hajaona wenzi waliokubaliana zaidi ya sehemu mbili. Wake hutaka masoko na majumba ya kale, waume hutaka kivuli na kinywaji baridi.

Mume alizungusha polepole. Mke alimaliza upesi, hakusoma hata jina moja. Mama Ramani akazipandanisha ramani zao, akazinyanyua kwenye mwanga wa dirisha.

Maduara saba. Yote saba yalikutana.

Machozi yakamlengalenga. Vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, lakini hawa, kumbe, bado walikuwa moyo mmoja! Walihitaji kusukumwa kidogo tu.

Ila sehemu zenyewe sasa! Hakuna hata duara moja kwenye mchanga mweupe. Walikuwa wamechagua mdomo wa mto, mikoko yenye matope ya magotini, na ghuba mbili ambazo hata mbwa haogi. Kwenye mji mkongwe waliiruka ngome, wakauruka mnara wa taa, wakazungushia hospitali. Miji miwili iliyofuata, vilevile, hospitali.

"Nani ana presha hapa?" akauliza akitabasamu.

"Sisi wazima," mke akasema.

"Basi hospitali za nini, mama yangu? Sikilizeni. Siku ya pili asubuhi mkatembee ngomeni. Jioni nawaandalia chakula ufukweni, nyinyi wawili tu na mishumaa. Siku ya tatu mnapanda boti kwenda kisiwani, mnarudi jua likiwa..."

"Boti hapana." Sauti ya mume ilikwaruza. Kwa mara ya kwanza tangu waingie, mke alimtazama.

Mama Ramani akafuta boti, akafurahi kimya kimya kwa mtazamo ule. Akaandika chumba kimoja, kitanda kikubwa.

"Kwenda ni watu wawili. Na kurudi?"

"Watatu," wakajibu kwa pamoja.

"Aa, kumbe mna mtu huko!"

"Kijana wetu," mume akasema. "Kitinda mimba. Alikwenda likizo na wenzake mwanzoni mwa mwezi. Wenzake wamerudi."

Mama Ramani akapiga meza kwa furaha. Sasa alielewa. Nyumba imebaki tupu, wawili wamebaki kutazamana, na kila kilichokuwa kimefukiwa kimepata nafasi ya kuibuka. Kijana akirudi, na nyumba itarudi.

"Vijana hao! Kaonja maji ya chumvi, hataki tena kutoka. Mkifika mvuteni sikio!"

Mke akaweka kiganja juu ya kiti kitupu, polepole, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Akakiacha hapo.

"Mimi ndiye niliyemruhusu," mume akasema akitazama sakafu. "Mama yake alikataa."

"Mzee wangu, wagombanao ndio wapatanao. Hilo nalo ni la kununiana?" Mama Ramani akageukia tena karatasi yake. "Haya, kijana wakati wa kurudi nimwekee kiti cha dirishani?"

Ndipo mke alipopitisha mkono wake juu ya kile kiti, akaushika wa mumewe, akaubana mpaka vidole vikawa vyeupe.

Mama Ramani alitaka kupiga vigelegele. Dawa ilikuwa imefanya kazi, na safari yenyewe haijaanza.

"Tutafutie gari refu, dada," mke akasema, "lile linalotolewa viti vya nyuma. Wapiga mbizi wameacha kumtafuta. Wametuonyesha tu sehemu saba: hospitali wanakopelekwa wanaookotwa, na kule ambako maji huwarudisha watu."