Mistari ya Kiwavi

Kwa miaka ishirini wanawake wa mji ule walimletea Nyamizi viwavi vya nondo walivyookota msituni, naye akavichambua: vya kuliwa huku, vyenye sumu kule. Asubuhi hiyo jirani yake Kabula alileta kimoja tu, kilichopikwa, kwenye kipande cha karatasi.

"Shangazi, mama mkwe yuko hospitali, anatapika tangu alfajiri. Daktari anauliza amekula nini. Hiki kilibaki sufuriani."

Nyamizi alikisogeza karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena. Angeweza kusema ni kizuri, nani angembishia? Lakini alikuwa amechoka kubahatisha.

"Una macho mazuri, Kabula. Ubavuni kina mistari mingapi?"

"Miwili."

"Basi kina sumu. Chenye mmoja ndicho huliwa." Alikirudisha kwenye karatasi. "Jana nilipovichambua viwavi vyenu sikuiona mistari hii. Tangu masika sioni vizuri."

Kabula akamshika mkono. "Twende ukamwambie daktari mwenyewe."

Wakashika njia, jua likiwapiga usoni, na Nyamizi hakujua kama mkono ule ulikuwa unamwongoza au unamburuta.