Bomba Lililoachwa Wazi

Palikuwa na nyumba mbili na tangi moja la maji: kwa Kiboko na kwa Chura. Maji yakikatika, Kiboko aliacha bomba lake wazi, eti ayasikie yakirudi, kisha huyo, ofisini.

"Jirani, lifunge," Chura alimsihi. "Viluwiluwi wangu wanalala tangini."

"Nikilifunga nitajuaje yamerudi, Mama Chura? Utanipigia simu?"

Maji yakarudi yeye akiwa kazini. Yakamwagika mchana kutwa hadi yakakatika tena, tangi likakauka, na viluwiluwi wote wakavutwa ndani ya mabomba.

Jioni Kiboko hakukuta hata tone. Alisikia visauti vyembamba ndani ya bomba: "Mama, huku giza."

Akanyoosha mkono alifunge.

"Usifunge," Chura alisema kutoka mlangoni. "Liache wazi, niwasikie."