Herufi Moja

Kila asubuhi kule mtaani Tuwan, Nabwile hukoroga uji kwa mkono mmoja na kwa mwingine kuandika swali kwenye grupu la mtandaoni la watu asiowajua. Leo aliuliza kwa nini jogoo hufumba macho akiwika.

Mkulima mmoja wa Sirisia, Bungoma, aliyemjibu kila siku tangu mwaka jana, safari hii hakumjibu. Alimuuliza: "Nabwile, kwenu ni mahari gani?"

Mwiko ukasimama sufuriani.

Grupu zima likacheka. "Ati mahari! Si upose kwanza, bana!"

"Mwacheni," mwingine akamtetea, "ni mtu wa Bungoma, kwao l ni r. Anauliza mahali."

Nabwile alijua hivyo. Hata babake husema "kurara". Lakini aliitazama ile r, akatamani isiwe kosa.

Uji ukafurika, ukamchoma kidole gumba. Kwa kidole hicho hicho akamwandikia inboksi: "Ulimaanisha mahali, au mahari?"

Akaona amesoma. Kisha ukaingia ujumbe wa sauti, sauti nzito yenye haya, jogoo akiwika nyuma yake.

"Mahari," alisema. "Ile ya ng'ombe."